Lesi Hutoka Kwanza

Gauni nililoletewa kurekebisha lilikuwa la melimeli nyeupe, kile kitambaa chepesi cha pamba, limeshonwa kwa mtindo wa enzi za Mfalme Edward VII wa Uingereza, aliyetawala kuanzia 1901 hadi 1910: ukosi mrefu unaopanda hadi chini ya masikio, kifua kilichotunishwa na kuning'inia kidogo juu ya kiuno, sketi inayobana nyongani na kutanuka chini, na lesi kila unapogeuza macho. Halikuwa gauni la kale. Lilishonwa miaka ya karibuni, sehemu kwa mkono na sehemu kwa cherehani, na mtu aliyefuata picha za wakati ule kwa uaminifu mkubwa. Kisha likauzwa, na mwenye gauni wa sasa akalinunua bila kulijaribu. Lilimbana kifuani na kiunoni, mbele likalegea na kushuka vibaya, na mikono hakuweza kuinyanyua zaidi ya usawa wa mabega.

"Fundi, niachie tu kidogo hapa ubavuni," aliniambia. "Mengine nitavumilia."

Ubavuni ndiko kila mtu hukimbilia. Kwa nguo za kiwandani si vibaya, maana hapo ndipo kitambaa cha ziada huachwa kikiachwa. Lakini nguo ya mkono siianzi kwa tepu wala chaki. Naigeuza nje ndani, naitandaza mezani penye mwanga, nafuata mishono kwa kidole mmoja baada ya mwingine. Nataka kujua aliyeshona alikuwa mtu wa namna gani: aliacha nini, alificha nini, wapi alikuwa na haraka. Huyu hakuwa na haraka hata kidogo. Mishono yote mirefu alikuwa ameishona mara mbili, ya kwanza kwa nje, kisha akageuza na kuufungia ule ukingo ndani ya mshono wa pili. Ni kazi safi, hakuna uzi unaochomoza, na kwa kitambaa chepesi kinachoonyesha ndani hakuna njia nzuri zaidi. Ubaya wake ni kwamba ndani ya mshono kama huo hubaki kitambaa kisichofika sentimita moja. Hapakuwa na cha kuachia ubavuni.

Lesi ndiyo iliyonipa njia. Nilipoifuata kwa kidole niliona kwamba haikushonwa kwa namna moja. Kwenye ukosi na kwenye ncha za mikono ya gauni ilikuwa imeshikwa kwa mkono, mishono mirefu, milegevu, imepita juu juu kana kwamba mtu alikuwa anapiga bandi tu, yaani kushikiza kwa muda. Kifuani na kwenye sketi ilikuwa imeshonwa kwa cherehani, imara. Mwenye gauni aliiona ile mishono milegevu akadhani ni uzembe, akaniomba niikaze. Nilimwambia dada, hiyo usiiguse, huyo fundi alijua anachofanya.

Lesi kwa muda mrefu ilikuwa mali kuliko kitambaa kilichoibeba. Ile ya sindano ya Alençon huko Ufaransa, ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2010, huchukua kama saa 7 za kazi kwa kila sentimita moja ya mraba. Hebu piga hesabu ya ukosi mmoja tu. Kitu cha namna hiyo hakishonwi kwenye nguo kikaachwa kife nayo. Ilishikizwa kwa nyuzi chache, ikabanduliwa nguo inapofuliwa, ikahamishiwa gauni lingine mtindo ulipobadilika, ikarithiwa. Malkia Victoria aliolewa mwaka 1840 akiwa amevaa lesi ya Honiton iliyofumwa huko Devon, na lesi hiyo aliivaa tena kwenye shughuli za familia miaka mingi baadaye. Hata mashine zilipoingia, ile ya John Heathcoat ya kufuma wavu katika muongo wa kwanza wa karne ya 19, kisha ya John Leavers huko Nottingham mwaka 1813, na lesi ikaanza kupatikana kwa watu wa kawaida, mazoea ya kuishona ili iweze kutoka hayakufa mara moja. Kola na ncha za mikono ndizo huchafuka kwanza, basi ndizo zilizoshonwa kwa wepesi.

Kwa hiyo nikapanga kazi yangu kwa mtiririko huo: lesi itoke kwanza, kitambaa kirekebishwe, lesi irudi mwisho. Inaonekana jambo dogo, lakini nimeona mafundi wazuri tu wakijaribu kupunguza mkono wa gauni huku lesi ikiwa mahali pake, wakaishia na ukingo uliokunjamana na maua ya lesi yaliyokatwa katikati. Kwa kweli sijawahi kuona njia hiyo ikitoa kazi ninayoweza kuisifu.

Kuibandua kuna namna yake. Usivute lesi, wala usiingize wembe kati ya lesi na kitambaa. Geuza upande wa ndani, ukate uzi kila baada ya mishono mitatu au minne, halafu upande wa nje uchomoe uzi mrefu kwa kibanio kidogo cha nyusi. Utatoka mzima. Mishono ya cherehani iliyobana sana huwa naikata mmoja mmoja kwa ncha ya mkasi mdogo, na hapo ndipo redio hupata kazi. Kila kipande kikitoka nakishikiza kwenye karatasi yenye maandishi: mkono wa kulia, juu, upande wa mbele. Lesi mbili zinazofanana mezani hazifanani zikirudi mwilini, kwa sababu kila moja imeshavutika kufuata mahali ilipokaa.

Sasa kifua. Mbele ya gauni palikuwa na mistari ya lesi inayoshuka wima, ile lesi ya katikati, yaani yenye kingo mbili zilizonyooka bila maua ya ukingoni, ambayo hukaa kati ya vipande viwili vya kitambaa. Aliyeshona alikuwa ametumia njia ya kawaida: unaiweka lesi juu ya kitambaa, unashona kingo zote mbili, unageuza, unakikata kitambaa kilicho nyuma ya lesi katikati, unakunja kila upande kurudi kwenye kitambaa na kuushona tena. Kwa njia hiyo upana wa nguo haubadiliki. Lesi inachukua tu nafasi ya kitambaa. Lakini ukikikata kitambaa kwanza, ukatenganisha pande mbili, na lesi ukaifanya daraja kati yake, nguo inaongezeka upana.

Hicho ndicho nilichofanya. Nilitafuta lesi ya pamba yenye upana wa sentimita 2.5, inayokaribiana kwa maua na ile ya mbele, nikachora mistari miwili kila upande, kuanzia kwapani hadi kiunoni, sambamba na ile iliyokuwapo. Kila ninapokata nakula nusu sentimita kila upande kwa ajili ya kuviringisha ukingo, jumla sentimita moja. Lesi inarudisha sentimita mbili na nusu. Faida ni sentimita moja na nusu kwa kila mstari, na mistari minne ikanipa sentimita 6. Gauni likapumua, na mtu asiyejua angeapa kwamba mistari ile ilikuwapo tangu mwanzo, maana macho yakiona mistari mbele hayashangai kuiona ubavuni.

Kuviringisha ukingo ni kazi ya vidole zaidi ya sindano. Unalowesha kidogo ncha ya kidole gumba na cha shahada, unausokota ukingo wa melimeli kuelekea ndani mpaka ule ukingo mbichi umezwe, halafu sindano nyembamba inapita juu ya ule msokoto kwa mshazari, inashika ukingo wa lesi, inarudi. Mishono kama 5 au 6 katika sentimita moja inatosha, ikizidi hapo lesi inasimama kama kadibodi. Kitambaa kizito hakikubali kuviringishwa, na hariri inayoteleza itakutoa jasho, lakini melimeli imezaliwa kwa kazi hii. Uzi ni wa pamba, mwembamba. Uzi wa polista una nguvu kuliko lesi, na siku nguo ikivutwa kitakachokatika ni lesi. Mimi napenda ukatike uzi.

Kabla ya kushona lesi mpya nililazimika kuituliza. Lesi ya pamba hupungua ikiingia majini, na gauni lilikuwa limeshafuliwa. Ukishona lesi isiyofuliwa kwenye nguo iliyofuliwa, kufua kwa kwanza tu mshono wote utajikunja. Nikailoweka kwenye maji ya moto, nikaikausha imelazwa kwenye taulo na kushikizwa kwa pini ili maua yakae wazi, nikapiga pasi kwa nyuma, uso ukiwa chini kwenye taulo ili yale maua yaliyoinuka yasilale. Kwanza, lakini, nilichoma uzi mmoja. Pamba huungua na kuacha majivu laini ya kijivu. Ya plastiki huyeyuka na kubaki na kidonge kigumu. Wauzaji huita kila kitu pamba, na pasi ya moto haitakusamehe.

Rangi nayo ilinisumbua. Gauni lilikuwa limeelekea kwenye rangi ya maziwa, lesi mpya ilikuwa nyeupe inayokaribia samawati. Wengi hutumia chai, nami niliitumia: chai nyepesi iliyochujwa vizuri, lesi ikiwa imeshalowa maji ili isishike madoa, inaingia na kutoka haraka, na unaiacha ikauke kabla ya kuhukumu kwa sababu ikiwa mbichi huonekana imekolea kuliko ilivyo. Wahifadhi wa nguo za makumbusho hawaipendi chai, kwa kuwa ina tindikali ambayo kwa miaka mingi hudhoofisha nyuzi. Wana haki. Kwa lesi ya kale nisingethubutu. Kwa lesi mpya kwenye gauni la kuvaliwa, sioni tatizo. Na lesi ya polista usiipotezee chai yako, haitashika.

Baada ya kifua kutosha, tatizo la mbele ndipo lilipojitokeza wazi. Mtindo wa miaka ile ulijengwa juu ya koseti, ile nguo ya ndani ngumu ya kubana kiwiliwili, iliyonyooka mbele, iliyousukuma mwili kifua mbele na makalio nyuma, hata mtu akitazamwa kwa ubavu anafanana na herufi S. Ndiyo maana kipande cha mbele hukatwa kirefu kuliko cha nyuma, kikajaa na kuning'inia juu ya kiuno. Vaa gauni hilo bila koseti, na ule urefu wote wa mbele unakosa pa kwenda. Unashuka tumboni na mtu anaonekana amevaa nguo ya dada yake mkubwa.

Nilikuwa nimeshamuuliza mwenye gauni atavaa nini ndani. Swali hili huwa la kwanza kabisa siku ya kujaribu, kabla ya pini hata moja, maana ukipima juu ya sidiria ya kila siku halafu mtu akaja na koseti, vipimo vyako vyote ni vya mtu mwingine. Akasema koseti haitaki, anataka kula na kukaa kama watu. Mimi simlazimishi mtu. Wapo watakaosema kwamba bila nguo ya ndani ya wakati ule mtindo umekufa, na kwa mchezo wa kuigiza au maonyesho ningekubaliana nao. Huyu alikuwa anakwenda kwenye sherehe.

Basi nikafumua kiuno sehemu ya mbele tu, kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, nikapandisha kitambaa sentimita 3 katikati, nikapunguza taratibu hadi sifuri kwenye mishono ya ubavu. Marinda ya mbele nikayagawa upya, mengi yakae karibu na katikati ili kifua kibaki na ule ujazo kidogo bila kuanguka. Ndani nilikuta utepe mnene wa kiuno, ule unaofungwa kwa kulabu kabla ya kufunga gauni lenyewe. Watu wengi hawaujui, na wapo wanaoukata wakidhani ni takataka ya fundi. Huo utepe ndio unaobeba uzito wa sketi. Bila huo sketi huvuta melimeli ya kifuani na kila mstari wa lesi hufunguka mdomo. Nikaubadilisha kwa mrefu zaidi, nikaushikiza nyuma na ubavuni kwa mishono michache tu, kisha nikayapanua marinda ya sketi yafuate kiuno kipya.

Mikono ndiyo iliyotuletea ubishi. "Fundi, panua hapa kwapani," alisema, akionyesha tundu la mkono. Inasikika ni busara: pakibana, panua. Lakini tundu la mkono likishuka chini, mkono ukinyanyuka hubeba gauni zima, kwa sababu kilichoshikamana na mkono sasa ni ubavu. Nguo za zamani zilikuwa na tundu dogo, lililopanda juu karibu na kwapa, na mtu aliweza kufanya kazi ndani yake. Gauni hili lilikuwa limekatwa chini mno, pengine aliyeshona alilichanganya na kiolezo cha kisasa. Nilichoweza kufanya bila kulikata upya ni kuongeza kipande cha kwapani. Gauni lilikuja na mkanda mrefu wa kitambaa kilekile wa kufungia nyuma, nao ulikuwa mrefu kupita kiasi. Nikatoa kwenye ncha yake vipande viwili vya mraba, sentimita 8 kila upande, nikafumua pale mshono wa ubavu unapokutana na mshono wa mkono, nikaviingiza kwa mshazari, pembe moja ielekee kiunoni na nyingine kwenye kiwiko. Pembe zile ni adui. Nguo nyingi huanzia hapo kuchanika, kwa hiyo kila pembe niliizungushia mishono midogo ya nyuma kabla ya kuingiza kipande. Alipovaa, nikamwambia anyooshe mikono juu. Ikafika, na kiuno kikabaki mahali pake.

"Kumbe," akasema. Hakusema zaidi, na mimi nikameza la kwangu.

Urefu ulikuwa rahisi, ingawa yeye alidhani ndio mgumu. Sketi ilimburuza, na chini kabisa ilikuwa na lesi pana yenye ukingo wa maua. Ukikata chini unaipoteza lesi. Ukiibandua na kuirudisha una mita kadhaa za kushona. Sikugusa chini kabisa. Juu ya lesi palikuwa na mikunjo myembamba ya mlalo, pambo la kawaida la sketi za wakati ule, nami nikaongeza mingine mitatu ya sentimita moja moja juu yake. Kila mkunjo wa sentimita moja hula sentimita mbili za urefu, kwa hiyo sketi ilipanda sentimita 6 bila kukatwa hata uzi. Siku akitaka irefuke, au akimpa mtu mrefu kuliko yeye, atafumua. Nguo za watoto zilishonwa hivyo makusudi, mikunjo ikifumuliwa kadiri mtoto anavyokua.

Aliniomba pia nimwekee zipu nyuma badala ya zile kulabu na vitanzi. Hapo nilikataa, na nakataa kila ninapoombwa kwenye nguo yenye lesi. Meno ya zipu hunasa nyuzi za lesi, na zipu yenyewe ni nzito na haipindi kama melimeli inavyopinda, kwa hiyo mgongo hukaa umesimama. Nilichofanya ni kuzipanga kulabu kwa kupishana, moja ikitazama kulia na inayofuata kushoto, ili mgongo usifunguke peke yake anapoinama. Atahitaji mtu wa kumfunga. Gauni la namna hii halikukusudiwa kuvaliwa na mtu aliye peke yake.

Lesi ya ncha za mikono na ya ukosi ikarudi mwisho. Kwenye mikono, nilipopunguza mzunguko, sikuikata lesi kwa mstari ulionyooka. Niliipitisha ncha moja juu ya nyingine mpaka ua likalala juu ya ua, nikashona kwa kuzunguka ukingo wa lile ua, kisha nikakata ziada ya juu na ya chini karibu na mshono. Kiungo kama hicho unakitafuta kwa tochi. Lesi nyingi za ukingoni zina uzi mmoja upande ulionyooka unaoweza kuvutwa. Ukiuvuta polepole lesi inajikusanya yenyewe marinda na kufuata mviringo, bila kuongeza uzi wa kukusanyia. Ukikatika umeumia, kwa hiyo vuta kutoka ncha zote mbili kuelekea katikati.

Ukosi ulikuwa na vijiti vya plastiki vya kuusimamisha, vinavyochoma chini ya sikio. Nikavitoa viwili vya pembeni, nikaacha vya nyuma, nikaushusha ukosi kwa upana wa kidole, na lesi nikaishikiza kwa mishono mirefu milegevu kama nilivyoikuta. Mwenye gauni aliitazama akacheka, akaniuliza kama safari hii nayo nimeacha makusudi. Nilimwonyesha uzi unapoanzia na unapoishia, ili siku ya kufua aibandue lesi mwenyewe, ailoweke peke yake, na gauni lenyewe alikaushe limelazwa, kwa sababu likitundikwa likiwa na maji ile mistari ya lesi ubavuni itavutika kwenda chini.